Mshauri Aliyetugawia Punje Moja

Jino la kwanza nililong'olewa lilikuwa gego la upande wa kushoto, na mpaka leo ulimi wangu ukipita pale unaijua njia. Tata, yaani baba yangu, alinipeleka Bukoba juu ya lori la kahawa, tumekaa kwenye magunia, shavu limenivimba mpaka jicho linafunga. Nilikuwa sijaufikia mji. Nyumbani walikuwa wameniambia kwamba huko Bukoba ziwa limekaa juu kuliko nyumba za watu, basi njia nzima niliogopa ziwa, jino nikalisahau. Kumbe ziwa liko chini kama maziwa yote. Waliosema hivyo wameshakufa wote, siwezi kuwauliza walikuwa na maana gani.

Mng'oa meno alikuwa na chumba nyuma ya soko. Koti jeupe, sauti laini, laini kama ya mtu anayekamua ng'ombe mkorofi. Aliniambia, "Usiogope, mwanangu. Fungua tu mdomo nikuangalie." Nikafungua. Mkono mmoja unanipapasa kichwa, mwingine ameuficha nyuma ya mgongo, na huo wa nyuma ndio uliokuwa na koleo.

Sikulia kwa ajili ya jino. Nililia kwa ajili ya ile sauti. Tangu siku hiyo mtu akinisemesha polepole simtazami mdomo, namtazama mikono. Nimewatazama mikono wanunuzi wa kahawa, wagombea wa kura, makatekista, hata marehemu mke wangu siku alipotaka niuze dume letu. Kila mmoja nilimwona amefumbata kitu. Ni mmoja tu aliyekuja kwangu na sauti ile ile, na mikono yake yote miwili iko wazi juu ya magoti, mitupu. Huyo ndiye aliyeniudhi kuliko wote.

Wanamwita mshauri nasaha. Kazi yake ni kukaa na watu wazima wenye ndevu na wajukuu na kuwauliza wanajisikiaje. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo labda kuna kitu walifundishwa wenzangu darasa la nne kuhusu kujisikia. Sisi tulikuwa na njaa, shibe, na usingizi.

Lakini nieleze kwanza ilikuwaje mimi na mtu kama huyo tukafikia kukaa chumba kimoja.

Nakaa upande wa Kamachumu, kwenye kibanja cha tata. Kibanja, kwa asiyejua, ni migomba na kahawa, nyumba katikati, na makaburi ya wenyewe pembeni. Hayo makaburi ndiyo yanayosema kibanja ni cha nani. Karatasi ni mambo ya mjini. Mtu wa kwetu unaweza kumnyima chakula akakusamehe, lakini ukimwambia hatazikwa nyumbani, umeshamfukuza duniani.

Nina mdogo wangu mmoja wa kiume. Nimeandika "mdogo wangu" bila kusita. Kuna watu kijijini wangesita hapo, na habari yote hii imetoka kwenye huko kusita kwao. Tata alikwenda Uganda kukata miwa, kama walivyokwenda wengi. Alikaa huko. Aliporudi, mama alikuwa mzito, na wanawake wa kisimani walihesabu miezi kwa vidole, wakarudia, haikutimia. Tata hakuhesabu. Mtoto alipozaliwa alimpakata, akampa jina la ukoo, yakaisha. Au tuseme yalinyamaza. Maana mwisho wa maisha yake, tulipomzunguka kitandani, alinishika mkono akasema kibanja ni changu mimi. Mtu mmoja akamuuliza, "Na huyu mdogo?" Tata akageukia ukutani. Alikuwa anaumwa mbavu, kulala upande ule kulimpa nafuu, mimi nilikuwa namwuguza, najua. Lakini watu waliona mgongo, na ule mgongo wakaufanya wosia.

Mdogo wangu baada ya mazishi alikwenda Kimwani, akalima mashamba ya watu. Akaoa, akazaa, mke akaondoka na watoto. Siku moja akatokea kwa dada yetu Kitendaguro, pale Bukoba mjini, na kifurushi cha nguo. Usiku halali. Anatembea ndani ya nyumba. Analia huku anamenya ndizi. Mwanaume kumenya ndizi, hilo peke yake lilitosha kumpeleka hospitali. Dada akampeleka, hospitali wakampeleka kwa mshauri.

Halafu dada akanipigia simu. Dada yetu ndiye mkubwa kunipita kidogo, lakini ananiita kaka akitaka kitu.

"Kaka, mdogo wako anataka kurudi nyumbani."

"Nyumbani wapi? Ana nyumba Kimwani."

"Usinianze asubuhi hii. Anataka chumba kimoja tu, kule chini kwenye mibuni mizee. Na akifa azikwe hapo."

"Kwani anakufa lini?"

"Wewe utatangulia, na huo ulimi wako," akasema. "Mshauri anataka mje mkae wote. Usipokuja nakuja mimi kwako, nakaa mwezi."

Nikaenda. Ungemjua dada yangu ungeenda pia.

Nje ya ofisi ile kuna benchi, na kwenye benchi nilikaa katikati ya dunia nzima. Mjane aliyevaa rozari, mzee wa kanisa la Kilutheri na Biblia yake kwenye mfuko wa nailoni, mwanamke mmoja amejifunga ushungi anatazama chini, na mlevi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ninayemfahamu, maana aliwahi kulala kwenye mfereji wetu. Alikuwapo hata yule bwana wa sokoni ambaye watu wakimwona wanavuka barabara. Nilijisogeza. Mlango ukafunguliwa, akatoka mshauri, mtu mrefu mwembamba wa mikoa ya katikati, huko kwa wala mtama. Akaanza kutusalimu mmoja mmoja, ameinama, mikono miwili. Yule bwana wa sokoni, mshauri alimshika mkono kama anavyoshikwa askofu. Hata mlevi, mshauri akamwamkia "Shikamoo, mzee wangu," kabla ya kunifikia mimi. Kabla yangu! Mlevi mwenyewe alishtuka, akatazama nyuma kuona anaamkiwa nani.

Ndani viti viliwekwa kwa duara. Mdogo wangu alikuwa ameshakaa. Amekonda, mashavu yameingia, lakini pua ni ile ile, na mimi siku zote nimeitazama sana pua hiyo nikitafuta ni ya nani. Hatukuamkiana. Dada akaketi katikati yetu kama gogo la kuziba mfereji.

Mshauri akasema hapo hakuna anayehukumiwa.

"Basi tumekuja kufanya nini?" nikauliza.

"Kusikilizana, mzee."

"Nimemsikia toka amezaliwa. Alikuwa analia usiku kucha."

Dada akanikanyaga mguu. Mshauri hakukunja uso. Akanitazama kwa upole ule wa koti jeupe, akasema, "Nakuona una hasira, mzee. Hasira yako inakaribishwa hapa."

"Basi ipe kiti."

Mdogo wangu akacheka. Hakutaka, kilimtoka tu, kicheko kifupi cha puani, na mimi nikajikuta nataka kucheka nikakaza meno. Mshauri naye akacheka, kisha, hutaamini, akainuka kweli akaleta kiti. Kiti cha plastiki cha buluu, kitupu, akakiweka mbele yangu.

"Hii hapa imekaa," akasema. "Ingeweza kusema, ingesema nini?"

"Ingeomba chai."

"Hasira ya huyu haisemi kitu, mshauri," mdogo wangu akadakia. Ndiyo mara ya kwanza alifungua mdomo. "Inasimama mlangoni. Nikija Pasaka imesimama, nikija kwenye msiba imesimama. Haijawahi kuniambia ondoka. Inaniuliza tu, umekuja kumwona nani?"

"Na uliwahi kunijibu?"

"Ningejibu nini? Umekuja kumwona nani, mtu anaulizwa hivyo kwao?"

"Kwao ndiko wapi?" nikasema.

Dada akaanza kulia, analia na kunitukana kwa Kihaya kwa wakati mmoja, kitu ambacho wanawake wa kwetu wanakiweza bila kukosa neno. Mshauri aliacha yatoke. Hakumnyamazisha dada, hakunikemea. Alimpa mdogo wangu nafasi ya kupumua, akasubiri, kisha akaniuliza mimi, mimi niliyemchoma mwenzangu, "Neno hilo lilikuuma na wewe lilipotoka?"

Nilimtazama mikono. Iko pale pale juu ya magoti. Ningemkuta na koleo ningejua la kufanya. Nilimwambia yeye aulize watu wa kwao kule kwenye mtama, nikatoka, nikakaa kwenye benchi na mlevi. Mlevi akaniambia, "Huyu bwana ni mzuri eh?" Nikamwambia anyamaze.

Sasa, mshauri yule hakukata tamaa, ndilo tatizo la watu wa aina ile. Ukimfukuza muuza mitumba anakwenda kwa jirani. Yule alinipigia simu kuuliza nilifika salama. Akapiga tena nilipokuwa na mafua, sijui nani alimwambia. Mwishowe akasema labda alikosea yeye kuniita ofisini kwake, pengine ni yeye anayepaswa kuja kukaa ninapokaa mimi. Mgeni akisema anakuja kwako, kwetu huna mdomo wa kumkatalia. Nikasema aje.

Siku chache kabla hawajaja nilishuka kule chini na panga, nikafyeka magugu kwenye mibuni mizee. Pale palikuwa pori. Nikang'oa na visiki viwili vilivyokuwa mahali ambapo mtu angeweza kusimamisha ukuta. Usiniulize kwa nini. Magugu hufyekwa.

Nikaandaa na kahawa. Si ya kunywa, nazungumzia ile ya kutafuna, akamwani, inayochumwa mbichi, inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa na ganda lake. Mgeni akiingia kwako unamletea katika kikapu kidogo, anachukua punje zake, anatafuna, mnaanza habari. Ukimwekea mtu kikapu hicho umemwambia huna ubaya naye. Nilipokuwa naipanga nikakumbuka habari ambayo lazima niiweke hapa, la sivyo hamtaelewa kilichotokea.

Ukiipasua punje ya kahawa, ndani mna mbegu mbili zimelaliana tumbo kwa tumbo. Zamani watu wawili waliopendana, mmoja wa ukoo huu na mwingine wa ukoo ule, walikuwa wakigawana punje moja. Kila mmoja anajichanja kidogo karibu na kitovu, anapaka damu kwenye nusu yake, mwenzake anaila kutoka kiganjani. Huo ni omukago. Mkishaula mmekuwa ndugu, na ni udugu unaotisha kuliko wa kuzaliwa. Tata alikuwa na mtu wake wa namna hiyo, wa Kiziba. Alikuja akachukua mbuzi wetu bila kuuliza, tata anamfungulia mlango wa zizi anacheka. Mapadri waliukataza, baadaye ukaja ukimwi ukaumaliza, maana nani tena angemeza damu ya mtu. Siku hizi umebaki kusimuliwa tu. Lakini kila mzee wa huku anajua jambo moja: omukago huliwa na watu wasio na damu moja. Waliotoka tumbo moja na kiuno kimoja hawauli. Wangeula wa nini?

Wakaja na bodaboda, mshauri, dada, na mdogo wangu nyuma kabisa. Nilikuwa nimemwita na binamu wa tata, mzee wa ukoo aliyebaki, masikio hayasikii vizuri, lakini nilitaka awepo. Jambo la kibanja lisemwe mbele ya ukoo. Mnaona nilikuwa nimefika wapi.

Nilitandika nyasi mpya sebuleni. Mdogo wangu alipoingia alisimama kidogo kizingitini. Nilikuwa nimekaa ndani makusudi, mlangoni hapakuwa na mtu. Akaliona hilo. Akasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikasema. "Kaa, mbona unaziba mwanga."

Dada akaanza kupangusa macho, kwake mvua haina majira. Nikasukuma kikapu katikati. Mshauri akakipokea kwa heshima, na hapo ndipo badala ya kuchukua za kwake akachagua punje moja, nzuri, nene, akaiweka juu ya kiganja chake kitupu.

"Wazee wangu," akasema, "nimekuwa nikiwauliza watu mambo ya huku, nisije kwenu na ya kwetu tu. Nimeambiwa kwamba watu wawili wakigawana punje moja hawaachani tena. Ningewaomba, bila kumlazimisha mtu, ndugu hawa wawili waipasue hii."

Alichoambiwa ni kweli tupu. Aliuliza kama mtu mwenye adabu na alijibiwa kama mtu mwenye adabu. Hakuna aliyemwambia lile lingine, maana sisi wenyewe hatulisemi, tunalijua. Akainyoosha ile punje baina yangu na mdogo wangu, kwa ile sauti na ule wema wake wote.

Damu haikuwepo, mtaniambia. Mle ndani kila mtu aliiona.

Binamu wa tata, kwa sababu ni kiziwi, hana mnong'ono. Aliniinamia sikioni akasema kwa Kihaya, nyumba nzima inasikia, "Nani amemwambia mgeni?"

"Mzee!" dada akapiga kelele.

"Nauliza tu. Amejuaje kama si wa baba mmoja?"

Mshauri hakuelewa maneno, alielewa nyuso. Mkono wake ukabaki hewani. "Nimekosea," akasema. "Tafadhali niambieni nimekosea wapi."

"Rudisha mkono wako," nikamwambia. "Rudisha huo mkono kabla sijaukata!"

Mdogo wangu alikuwa hamtazami mshauri. Hakumtazama hata yule mzee. Alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anangoja nimjibu mzee, tena si hotuba, neno moja tu lingetosha, hata tusi, ningemwambia binamu wa tata wewe kiziwi mjinga, huyu ni wa baba yangu, ningemwambia hivyo mambo yakaendelea, ukuta ukasimama kule chini. Neno lilikuwepo. Lakini mimi hasira yangu yote ilikuwa kwa yule mrefu na kiganja chake, nikawa namfokea yeye. Nani kamtuma, nani kampa ruhusa ya kugusa mambo ya watu, arudi Bukoba akawabembeleze walevi. Nikafoka mpaka pumzi ikakata. Yeye ananisikiliza tu, macho yamemlowa, haondoki, hajitetei.

Mdogo wangu akanyoosha mkono taratibu, akaichukua ile punje kwenye kiganja cha mshauri. Akaiweka kwenye meno. Ilipasuka, wote tulisikia. Nusu akaitafuna, akaimeza. Nusu nyingine akaifuta kwenye shati, akaja akaiweka juu ya goti langu, hapa, la kulia.

"Haya, mzee," akaniambia. Hakusema kaka. "Asante kwa kutukaribisha."

Dada akamshika shati. Mdogo wangu akauondoa mkono wa dada polepole, kama unavyoondoa mkono wa mtoto aliyelala. Mshauri akasimama, akasema, "Naweza kutembea na wewe?" Mdogo wangu akamtikisia kichwa, hapana. Akavuka kizingiti. Nilidhani angepita njia ya juu, ya bodaboda, lakini alishuka kupitia migombani, upande wa mibuni mizee, kule nilikofyeka. Kutoka nilipokaa niliona shati lake jeupe likipita kati ya migomba. Lilisimama kidogo pale palipo peupe, au nilidhani limesimama, macho yangu si ya kuaminika. Halafu likaendelea, na hajarudi tena.